Jungle, garage, grime: mti mmoja ao udongo mmoja?

Ukifuata muziki wa kucheza wa Uingereza, ule wa chini kwa chini, utakutana na ubishi ambao haujaisha. Mwandishi Simon Reynolds alisema kwamba kutoka hardcore ya miaka ya 1990 mwanzoni mpaka jungle, garage, grime na dubstep, ni mstari mmoja usiokatika. Akaupa jina: hardcore continuum. Wengine wakamkatalia: wewe unachora mstari kwanza, kisha njo unatafuta nyimbo za kuweka juu yake. Mimi naona pande zote mbili zinaangalia sana majani. Tuangalie udongo.

Lakini tuanze na sauti. Mwaka 1988 vijana wa kule walikuwa wanacheza house ya Chicago na techno ya Detroit, pigo lilelile usiku muzima. Baadaye wakaanza kuongeza vipande vya ngoma vilivyokatwa mu disike za zamani za Marekani. Kipande kinachojulikana zaidi kinatoka mu "Amen, Brother" ya kundi The Winstons, 1969: karibu sekunde 6 tu, mpiga ngoma ni Gregory Coleman. Vijana wakazikata zile sekunde na mashine, wakaziharakisha, wakazipanga upya. Chini yake wakaweka besi nzito ya reggae, juu bengi wao walikuwa watoto wa familia zilizotoka Jamaika na visiwa vingine vya Karibea, zilizokuja na desturi yao ya sound system, yale maspika makubwa ya kuchezesha watu. Hiyo njo jungle: mapigo karibu 160 kwa dakika, na besi inayotembea nusu ya mwendo huo.

Mtu wa kilimo anaelewa haraka. Mahindi unapanda mbegu, muhogo unapanda kijiti. Kijiti ni mmea uleule wa zamani mu shamba lingine, na kama kimebeba mozaiki, ugonjwa unahama pamoja nacho. Ngoma ya Amen ilihama na deni lake: Coleman alikufa mwaka 2006 akiwa maskini, bila kulipwa kitu juu ya zile sekunde. Paka 2015 njo mashabiki walichanga pauni 24.000, wakampa Richard Spencer, kiongozi wa kundi.

Sasa ukipima sauti peke yake, kama tunavyopima sampuli mu labo, mstari wa Reynolds unakatika haraka. Garage ilipunguza mwendo hadi karibu 130 na kuleta utamu wa house ya New York. Ngoma ya Amen karibu haimo tena. Grime, mashariki ya London, mwanzo wa miaka ya 2000, ikapanda ku 140, kavu, baridi, vijana wanarap juu yake. Dubstep ya Croydon, kusini, nayo ni 140, lakini sikio linaisikia kama inatembea polepole. Hapo wapinzani wana haki kabisa.

Ila angalia bantu na njia walizopitia. Rinse FM ilianza 1994 kama radio isiyo na ruhusa, ikipiga jungle. Ikapiga garage, kisha grime na dubstep, na ruhusa ikaipata 2010. Miaka kumi na sita, muziki unabadilika, radio ni ileile. Kuna pia dubplate, disike ya aluminiyumu iliyopakwa laki, inayokatwa kopi moja na kuchakaa baada ya kupigwa mara kadhaa. DJ mwenye wimbo ambao mwingine hana, huyo njo watu wanafuata. Desturi hiyo ilitoka Jamaika na ilidumu mu aina zote hizi. Tena angalia MC: mu jungle alikuwa anachangamsha watu, mu garage akaongeza maneno, mu grime akasimama mbele kabisa. Dizzee Rascal alipitia radio hizo za siri, na 2003 albamu yake Boy in da Corner ikashinda Mercury Prize.

Huu ubishi si wa starehe tu. Mwaka 2005 polisi ya London ilileta fomu namba 696 kwa waandaaji wa tamasha. Mwanzoni iliuliza ni muziki gani utapigwa na wasikilizaji ni wa kabila gani. Ilifutwa 2017. Ukisema kila aina ilizaliwa peke yake, ndani ya kompyuta mupya, unafuta ile jamii ya watu weusi iliyobeba kazi yote na iliyoulizwa maswali kama hayo.

Kwa hiyo UK funky, iliyokuja kama 2008 na ngoma zenye ladha ya Afrika na Karibea, mimi naiingiza mu mstari bila shida, hata kama sauti yake ni mbali na jungle: ilipita ku radio zilezile, mikononi mwa ma-DJ walewale. Swali gumu ni la leo, wakati wimbo unatoka na kijana wa Croydon na wa Tokyo wanaupata dakika moja, bila dubplate, bila antena juu ya paa.