Mtoto Aliyekwenda Kusalimia

Katika faili la kila mgonjwa mpya lipo swali ambalo wanafunzi wa udaktari huliuliza harakaharaka, kalamu ikiwa imekwisha kuelekea mstari unaofuata: una watoto wangapi? Miaka michache iliyopita nilimwuliza swali hilo mama mmoja, mkazi wa Kibamba, aliyeletwa katika kliniki ya afya ya akili kwa sababu ya kukosa usingizi na shinikizo la damu lisilotulia kwa dawa. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, “Wanne, daktari. Au watatu. Andika utakavyoona.”

Nasimulia kwa idhini yake, nikiwa nimebadili mambo machache yasiyogusa kiini. Mumewe alifariki mtoto wao wa kwanza akiwa na miaka minne. Baada ya arobaini, babu na bibi wa upande wa baba waliomba mjukuu aende nao kijijini kusalimia hadi shule zitakapofunguliwa. Mabasi ya mikoani hupita Kibamba usiku na mchana kwa Barabara ya Morogoro. Mtoto aliyepanda asubuhi, jioni yuko mbali. Shule zilifunguliwa na mtoto hakurudi. Mama alipomfuata aliambiwa kwamba mtoto ni wa ukoo. Alipofuata mara ya pili aliikuta nyumba imefungwa, na majirani hawakujua, au hawakutaka kusema, wenyewe wamehamia wapi. Kijana alikua akiamini kwamba mama yake aliolewa kwingine na akamkataa. Alielezwa ukweli na shangazi yake baada ya bibi kuzikwa, akiwa na miaka ishirini na mitano.

Nilipouliza kwa nini hakwenda polisi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. “Ningesema wameiba nini, daktari? Mjukuu wao?”

Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Kwetu kulelewa na bibi si kosa wala si aibu. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi mzaa mama kwa miaka miwili, na sikumbuki siku niliyojiona nimepotea, kwa sababu mama alikuja, barua zilikuja, na jina lake lilitajwa kila siku mezani. Nyumba ya bibi haina tatizo. Tatizo huanza pale mtoto anapofichwa na mzazi aliye hai anapofanywa kuwa amekufa au kuwa mtu mbaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa na jamaa zake, na kwamba mtu asimnyime mtoto haki ya kuishi na wazazi wake isipokuwa mahakama iamue vinginevyo. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hudhani, mpaka ithibitishwe kinyume, kwamba ni kheri kwa mtoto wa chini ya miaka saba kukaa na mama yake. Ukoo hautajwi kuwa mmiliki.

Si jambo la Waafrika peke yao. Mwaka 1994, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, mtoto wa miaka mitano alitoweka pamoja na babu na bibi yake mzaa baba wakati wa mgogoro wa malezi kati yao na mama yake. Alipatikana katika jimbo la Minnesota, na habari zake zikatangazwa Januari 2013, akiwa na miaka 24 na akitumia jina jingine. Hakuna aliyemtambua kwa sura. Kilichomfichua ni namba yake ya hifadhi ya jamii na tarehe ya kuzaliwa, ambazo hazikubadilishwa pamoja na jina. Ulimwengu ulitarajia kuona kijana aliyeokolewa. Yeye akawatetea hadharani babu na bibi yake. Mama yake, ambaye alikuwa amesubiri miaka kumi na tisa, alipata mtoto aliye hai na mwenye afya, lakini ambaye moyo wake ulikuwa kwa wale waliomchukua. Vyombo vya habari havikujua la kufanya na mambo hayo mawili kwa pamoja. Sisi madaktari tunapaswa kujua.

Tuanze na kumbukumbu. Watu wazima wengi hawakumbuki karibu lolote la kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Mtoto wa miaka minne au mitano huweka kumbukumbu, lakini hudumu hasa zikizungumzwa: “Unakumbuka siku ile mama alipokununulia viatu?” Nyumba isiyoruhusu sentensi kama hiyo huacha kumbukumbu zikauke zenyewe, bila vitisho na bila kipigo. Kijana wa mgonjwa wangu alibakiwa na harufu ya mafuta ya nazi na mlio wa cherehani. Alidhani ni vya nyumba ya jirani.

Damu nayo haisaidii kumshtua. Mtoto aliyeibwa na mtu baki huenda siku moja akajitazama kwenye kioo na kujiuliza amefanana na nani. Huyu amefanana na babu, ana pua ya shangazi, anaitwa jina la ukoo. Kila kitu anachoambiwa ni kweli isipokuwa kimoja, na hicho kimoja hakionekani usoni. Nchini Argentina hali ilikuwa kinyume kabisa, na ni vizuri kuilinganisha. Huko utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983 uliwaua wazazi na kuwagawa watoto wao wachanga kwa watu wengine, nao bibi wa watoto hao, waliojulikana kwa jina la Abuelas de Plaza de Mayo, ndio walioanza kuwatafuta. Kwa kuwa wazazi hawakuwapo wa kupimwa, mtaalamu wa jenetiki Mary-Claire King aliwasaidia kuthibitisha ujukuu kwa damu ya bibi na babu. Njia mojawapo ni vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtu huvirithi kutoka kwa mama tu: bibi mzaa mama, mama yake na mtoto huwa na nakala ile ile. Benki ya taifa ya vinasaba iliundwa huko mwaka 1987, na wajukuu zaidi ya 130 wamekwisha kutambuliwa. Estela de Carlotto, kiongozi wa bibi hao, alimpata mjukuu wake mwaka 2014, akiwa mwanamume mwenye miaka thelathini na zaidi. Huko damu ilifichua uongo. Katika nyumba ya babu aliyemficha mjukuu, damu hiyo hiyo huulinda uongo.

Mama aliyebaki naye ana ugonjwa wake. Mwanasaikolojia Pauline Boss ameandika kwa miaka mingi juu ya msiba usio na hakika, ambao hauna maiti, hauna matanga, na hivyo hauna mwisho. Aliyefiwa huzika. Huyu hununua nguo za sikukuu kwa kukisia kimo. Ukimwambia “sahau, umejaliwa wengine,” unamwomba amzike mtu aliye hai. Dawa za usingizi humsaidia kiasi. Nimeona zaidi manufaa ya kumruhusu aseme “wanne” bila kusahihishwa.

Anapopatikana, haraka ni adui. Familia huja kwangu ikitaka sherehe, machozi na msamaha katika Jumapili moja. Mimi huomba simu kwanza, kisha mkutano mfupi mahali pasipo pa upande wowote, bila umati wa wajomba. Kijana asilazimishwe kumlaani bibi aliyemwosha na kumlisha, hata kama bibi huyo alimdhulumu. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli na uongo ulikuwa wa kweli. Kuhusu kipimo cha vinasaba, hapa nchini husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009, na maombi hupitia kwa wanaotambuliwa kisheria, kama vile mahakama, mawakili na maofisa ustawi wa jamii. Mtu haendi tu na mate yake kwenye chupa. Kwa maoni yangu kipimo kifanyike pale wote wawili wanapokitaka, si pale ndugu wanapotaka kujua nani atarithi kiwanja.

Jambo moja dogo la karatasi. Kama yule wa Indiana alivyopatikana kwa namba, wetu hupatikana kwa kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama. Tangu mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA imekuwa ikiwasajili watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya tiba na ofisi za kata. Mjane asikubali nyaraka hizo ziondoke pamoja na sanduku la mtoto. Mgonjwa wangu alimpa mkwewe kadi ya kliniki, ya pekee aliyokuwa nayo, “ili wasisumbuke akiugua huko.”

Kijana amekuja Kibamba mara tatu sasa. Mara ya mwisho nilipomwona mama, presha ilikuwa imeshuka, ingawa si sana. Nilimwuliza wanazungumzaje.

“Ananiamkia vizuri, daktari. Shikamoo, basi. Hajaniita mama.”

Nikamwuliza kuhusu usingizi. Alisema analala, simu ikiwa chini ya mto.