Mkanda wa Kanga Usio na Mgongo

Wasomaji wetu wa toleo lililopita watakumbuka picha ya wachezaji wetu wa ngoma wakiwa wamefunga mikanda ya kanga kiunoni. Picha ilipendeza. Yaliyofuata dakika kumi baadaye hayakupigwa picha: mkanda wa kwanza ulijikunja kama jani la mgomba lililokauka, wa pili ukafumuka mshono, na wa tatu ukageuka ndani nje, ukaonyesha nyuzi zinazoning'inia na gundi iliyokauka. Tulimaliza ngoma tumeshika viuno kwa mikono, na wageni wakadhani ndiyo mtindo wenyewe.

Kwa hiyo mwenzetu mmoja aliposema anataka kumshonea mama yake mkanda kwa doti la marehemu bibi yake, tulinyamaza. Kanga ya dukani ukiiharibu unanunua nyingine. Hii ilitoka Tanga, imepitia mikono ya wasafiri wawili, na mwenye nayo amezikwa. Mama mwenyewe hakuweza kwenda mazishini, kwa kuwa makaratasi yake ya uhamiaji yalikuwa bado yanashughulikiwa. Kanga ilimfikia miezi mitano baadaye, akaiweka sandukuni, ikakaa humo miaka mitatu. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee, anavaa suruali na sare, na kanga haivaliki kazini. Mkanda unavalika.

Tuliamua kwamba mara hii hatubahatishi. Mama mdogo wa mwenzetu huyo ni fundi cherehani, naye anakaa Takoma Park.

Safari fupi

Ukipanda treni ya Metro, njia nyekundu, unashuka kituo cha Takoma. Kituo kiko ndani ya Washington, lakini ukitembea dakika chache tu umeshavuka mpaka na kuingia Maryland. Mji huu ulianzishwa mwaka 1883 na Benjamin Franklin Gilbert, kando ya reli, kwa ajili ya watu waliotaka kufanya kazi mjini na kulala penye miti. Miti bado ipo. Siku za Jumapili kuna soko la wakulima Laurel Avenue, na kwenye magorofa ya Maple Avenue utasikia Kiamhari, Kihispania, Kifaransa na, ukibahatika, Kiswahili cha Tanga.

"Shikamoo, Mama Mdogo," tulisema wote sita, ingawa ni mama mdogo wa mmoja tu.

"Marahaba, wanangu. Vueni viatu. Nani kaleta mikanda iliyoharibika?"

Alikuwa ameagiza tuilete. Aliifumua yote kwa wembe mezani, bila kusema neno, kisha akatuonyesha maradhi matatu. La kwanza, ndani tuliweka karatasi ngumu, na karatasi ikikunjwa haisahau. La pili, kanga ilikuwa mpya, haijafuliwa, bado ina wanga wake wa dukani. Jasho lilipoingia, ikalegea. La tatu, tulishona vizuri upande wa nje, na upande wa ndani tukauficha.

"Mkanda hauna ndani," alisema. "Mtaona."

Mkanda, mshipi, kibwebwe

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya vitu vya kufunga kiunoni. Kuna mkanda na mshipi. Kuna mahazamu, kitambaa cha kujifunga kiunoni juu ya kanzu. Kuna kibwebwe, kanga au kitambaa anachojikaza nacho mwanamke anapotaka kufanya kazi au kucheza ngoma. Ndiyo maana anayejitahidi sana husemwa amejifunga kibwebwe. Na kuna mkaja, kitambaa anachofungwa tumboni mwanamke aliyejifungua. Katika harusi za pwani, mkaja pia ni jina la zawadi au fedha anayopewa mama wa bibi harusi, kwa kukumbuka tumbo lililomzaa mwanawe.

Vyote hivyo ni vitambaa vya kuzungushwa na kufungwa, na kitambaa kinachofungwa hugeuka. Ndipo tulipoelewa maneno ya Mama Mdogo. Mkanda wetu tuliutaka uwe wa pete mbili zenye umbo la nusu duara: ncha inapita ndani ya pete zote mbili, inarudi juu ya moja na kupita chini ya nyingine, kisha inabaki ikining'inia mbele. Ncha inaporudi, ule upande uliokuwa umegusa tumbo ndio unaotazama watu.

Jirani yake wa Kiethiopia aliyepita kuazima mkasi alituonyesha suluhisho la kale kuliko letu: meqenet, mshipi mrefu wa pamba wanaojizungushia wanawake kwao. Umefumwa, haukuchapwa, kwa hiyo rangi iko ndani ya uzi wenyewe na hakuna uso wala mgongo. Kikoi chetu ni hivyo hivyo. Kitenge cha wax halisi kimechapwa pande zote mbili, nacho hakina shida. Cha bei nafuu utakijua ukikigeuza, mgongo umepauka. Kanga ndiyo yenye mtihani. Hata rangi ikipenya vizuri, maandishi yake ukiyatazama kwa nyuma yanasomeka kinyume. Ukitaka jina la kanga lisomeke pande zote mbili za mkanda, unahitaji kanga mbili zenye jina moja.

Yaani unahitaji doti.

Kanga moja mfukoni

Hapo mwenzetu alifungua mfuko na kutoa kanga ya bibi yake. Nyekundu na nyeusi, imelainika kwa kufuliwa, na chini ya mji imeandikwa WEMA HAUOZI. Ilikuwa moja tu.

Tulimtazama. Yeye alimtazama mama yake mdogo. Hakujua. Doti lilipofika Marekani liligawanywa, kama doti zinavyogawanywa siku zote: dada mkubwa kanga moja, mdogo kanga moja. Mtoto alikuwa amezoea kusema "doti la bibi" bila kuhesabu.

Mmoja wetu alipendekeza upande wa pili uwe wa kitambaa cheusi tu. Mwingine akasema tuahirishe. Mama Mdogo hakujibu. Aliinuka, akawasha pasi, akatuambia tuanze kufanya mazoezi kwa kitenge chakavu, naye akaingia chumbani. Tulikwisha kukata vipande viwili aliporudi na kanga ya pili.

"Yangu mimi naivaa," alisema. "Angalieni ilivyochakaa pindo. Lakini jina bado zima."

Akachukua futi, akampima mwenzetu aliyelingana na dada yake, sentimita 76. Kisha akajipima mwenyewe, 84. Akaandika 84.

Namna ya kuushona

Tunaweka hapa hatua zote, kwa vipimo vyake, ili atakayetaka ajaribu nyumbani.

Kwanza, fua kila kitu kabla ya kukata: kanga na kitambaa cha kati. Pamba hurudi inapolowa. Kitambaa cha kati kikirudi baada ya kushonwa, uso wote utakunjamana.

Kitambaa cha kati ni merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa, mikunjo miwili. Jina lake lina historia inayotuhusu sisi tunaosoma Kiswahili huku. Sayyid Said wa Zanzibar alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na pamba ya viwanda vya Massachusetts ikaenea pwani na bara kiasi cha kuitwa kwa jina la nchi ilikotoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata biashara hiyo na nguo za kutoka kwingine zikashika soko, lakini jina halikuondoka. Tuliinunua umbali wa saa moja kutoka chuoni, na muuzaji hakujua kwamba Waswahili wameipa uraia.

Pili, kata kwa urefu wa kanga, sambamba na pindo refu. Huko ndiko zinakokwenda nyuzi za mtande, ambazo hazivutiki sana. Mkanda uliokatwa mshazari utarefuka kila siku. Upana wa kila kipande ni sentimita 6: sentimita 4 za mkanda na sentimita 1 ya kukunja kila upande. Herufi zetu zilikuwa na kimo cha sentimita 2.5, zikaingia kwa raha.

Tatu, urefu. Mkanda uliokamilika ni kiuno na sentimita 25 za ncha. Kwetu sisi 109. Kipande cha kwanza kiongezee sentimita 6: 5 za kuzungushia pete na 1 ya kukunja mwishoni. Cha pili kiongezee 2 tu. Merikani iwe na upana wa sentimita 3.8, ili isigombane na mikunjo. Katikati ya jina ikae nusu ya kiuno kutoka kwenye pete, maana hapo ndipo mgongoni mwa mvaaji, na kanga husomwa na aliye nyuma yako.

Nne, laza merikani juu ya mgongo wa kipande cha kwanza, kunja kingo juu yake, piga pasi, piga bandi. Pitisha mwisho wake kwenye pete zote mbili, ukunje sentimita 5 kuelekea nyuma na ushone mraba wenye msalaba ndani yake. Mkunjo huu ni mbaya kuutazama. Usijali, utafunikwa.

Tano, kunja kingo za kipande cha pili na ncha zake, piga pasi, kisha ukilaze mgongo kwa mgongo na cha kwanza, kuanzia pale pete zinapoishia. Sasa mkunjo umelala katikati ya vitambaa viwili. Vichwa vya herufi za pande zote mbili vielekee juu. Mmoja wetu, ambaye ameomba tusimtaje, alikilaza kipande juu chini. Mama Mdogo alikiona kabla sindano haijashuka, akakigeuza bila kumtazama mtu.

Sita, uzi. Hapa ndipo tulipotumia muda mrefu kuliko pengine pote. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, nazo zinatakiwa zikutane katikati ya kitambaa. Weka uzi mwekundu juu na wa buluu chini, ujaribu kwenye kitambaa chakavu chenye unene uleule. Ukiona nukta za buluu juu, uzi wa juu umekazwa mno. Ukiona vitanzi vyekundu chini, umelegea mno. Rekebisha kidogo kidogo hadi kila upande uone rangi yake tu. Tulishona majaribio kumi na moja. Kisha weka uzi mmoja juu na chini, sindano namba 16, hatua za milimita 3.

Saba, shona milimita 2 kutoka ukingoni. Kingo zote mbili zishonwe kuanzia upande wa pete kwenda kwenye ncha. Ukienda na kurudi, vitambaa vitasukumana na mkanda utajipinda. Usirudishe mshono mwanzoni na mwishoni kama tulivyozoea. Acha nyuzi ndefu, zifunge fundo, na kwa sindano ya mkono uzizamishe katikati ya vitambaa. Ongeza mistari miwili ya ndani, ukikwepa herufi.

Mkasi

Kabla ya kukata kanga, Mama Mdogo alimpigia dada yake simu. Tulisikia upande mmoja tu. Alisema yuko na watoto, alisema kanga zote mbili ziko mezani, kisha akakaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema, "Haya, dada," akaweka simu chini, akachukua mkasi.

Hakukata jina peke yake na kuzitupa zilizobaki. Kila kanga ilipotolewa kipande chake, aliunganisha mji na pindo kwa mshono mwembamba. Kanga mbili zilirudi kuwa kanga mbili, fupi kwa sentimita chache, zisizo na jina. Ya kwake aliikunja akairudisha chumbani.

Jioni dada mkubwa alifika moja kwa moja kutoka kazini, bado na sare. Tuliamkia, tukasogea kumpisha. Aliupitisha mkanda kwenye vitanzi vya suruali, akafunga, akatazama ncha iliyoning'inia. Akaufungua, akaugeuza, akafunga tena, safari hii pete zikiwa mkono wa pili. Mwanawe akasoma mgongoni kwake kwa sauti, mara zote mbili, maneno yaleyale.

"Mbona mrefu?" aliuliza.

"Nimekata kwa kiuno changu," Mama Mdogo alijibu. "Mwezi huu wako, mwezi ujao unaniletea."

Mkanda wa pete hauna matundu, kwa hiyo unakaa viuno vyote viwili. Tangu siku hiyo umevuka mara nne kati ya nyumba mbili, umefuliwa kwa mashine mara nyingi kuliko tulivyothubutu kuuliza, na mshono haujaachia. Mikanda mipya ya ngoma tumeanza kuishona Jumamosi hii kwa namna hiyohiyo. Atakayekuja alete doti moja iliyofuliwa, na asisahau kuhesabu kanga kabla ya kutoka nyumbani.