Kifundo cha mguu chenye mota: kweli au uongo?

"Wayo bandia wa nyuzi za kaboni unasukuma sawa na wayo wa nyama."

Uongo. Mtazame mtu anayetembea: kisigino kinagusa chini, mwili unapita juu ya wayo, kisha misuli ya shavu la mguu inavuta ukano wa kisigino na vidole vinaisukuma ardhi. Msukumo huo wa mwisho ndio unaompeleka mbele. Wayo wa kaboni hupinda ukikanyagwa na kurudisha kile ulichopewa, tena pungufu. Hauna cha kuongeza.

Pengo hilo Hugh Herr alilijua mwilini mwake. Akiwa mpanda milima wa miaka 17, alipotea kwenye dhoruba ya theluji katika Mlima Washington, Marekani, Januari 1982, na miguu yake yote miwili ikakatwa chini ya magoti. Baadaye, katika chuo cha MIT, aliongoza utengenezaji wa kifundo chenye mota na betri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliokivaa walitumia nguvu pungufu kwa asilimia 8 kuliko walipovaa wayo wao wa kawaida, na kasi waliyoichagua wenyewe ilipanda kwa asilimia 23.

"Basi mota yenye nguvu zaidi ndiyo bora."

Uongo. Kinachoamua ni wakati wa kusukuma. Mota ikiwahi, inampinga mvaaji kabla mwili haujapita juu ya wayo. Ikichelewa, wayo umeshanyanyuka. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kiatu chenye mota kwa watu wenye miguu kamili. Kompyuta yake hujifunza mwendo wa kila mvaaji na kumpangia msukumo wake. Kwa msaada huo watu walitembea haraka zaidi kwa asilimia 9.

"Bila betri hakuna msaada."

Uongo, na huu ndio ninaofurahi zaidi kuukanusha. Mwaka 2015, watafiti Steven Collins, Gregory Sawicki na wenzao walieleza kifaa cha kuvaa kifundoni chenye springi na klachi tu, hakina mota wala waya, kikiwa na uzito wa takriban nusu kilo. Kilipunguza nguvu za kutembea kwa asilimia 7 hivi. Siri yake ni kwamba msuli hula nguvu hata unapokaza tu bila kusogeza kitu. Springi inabeba sehemu ya kazi hiyo ya kukaza, na springi haichoki.

"Mguu wa mota unasoma mawazo."

Nusu kweli. Miguu inayouzwa husoma pembe na mzigo kupitia vitambuzi vyake, si ubongo. Hata hivyo, timu ya Herr ilichapisha mwaka 2024 matokeo ya watu 7 waliokatwa mguu kwa upasuaji unaounganisha tena jozi za misuli, mmoja ukikaza, mwenzake unavutika. Ishara za misuli hiyo ziliongoza mguu wa mota, na mwendo wao wa juu kabisa ukaongezeka kwa asilimia 41 ukilinganishwa na wa wenzao wasiofanyiwa upasuaji huo.

"Aliyekatwa mguu atafute mota kwanza."

Uongo, na huu unaumiza watu. Soketi, lile kombe linalopokea kigutu, ndiyo inayobeba mwili wote. Kigutu hunywea na kuvimba hata ndani ya siku moja. Vua mguu, kagua ngozi: wekundu unaofifia baada ya dakika chache si tatizo, lakini unaobaki unaonyesha soketi inabana mahali pasipofaa, na kidonda kiko njiani. Hakuna mota inayotibu hilo. Fundi ndiye anayelitibu, na kwa miaka mingi mafundi wa aina hiyo wamekuwa wakifundishwa katika chuo cha TATCOT, Moshi.

Kwa hiyo ndugu yako akipimwa mguu, uliza kwanza nani atairekebisha soketi baada ya miezi sita. Bei ya mota iulizwe baadaye.