Kiti cha kale: kabla ya bei, uliza ni cha nani

Katika maeneo ya wachimbaji, samani hazidumu mahali pamoja. Ikivuma habari ya dhahabu, watu humiminika. Ikivuma habari ya kwingine, hufungasha. Anayehama kwa haraka kutoka Rwamgasa, mkoani Geita, hawezi kupakia kabati na viti juu ya pikipiki, hivyo huviuza kwa bei ya kutupa. Basi miongoni mwa viti vya plastiki na magodoro yaliyokwisha kutumika, mara mojamoja hutokea kiti cha mninga au mvule, kilichotengenezwa na fundi aliyejua kazi yake, nacho kinauzwa kwa bei ndogo kuliko kiti kipya cha mbao laini.

Makala hii inahusu kiti cha namna hiyo: kiti cha pembeni, kisicho na mikono, kinachokaa mezani, ukutani au chumbani. Ni kiti chenye manufaa mengi. Mgeni hukalishwa juu yake, mtoto husomea, na mzee ambaye magoti yake hayamruhusu kusujudu huswalia akiwa amekiketia. Kwa kuwa hakina mikono, mzee huyo huinama kwa rukuu na sijida bila kuzuiwa. Apimiwe kwanza: nyayo zikanyage chini zote mbili na mapaja yalale sawa. Kwa watu wengi kikalio chenye kimo cha sentimita 43 hadi 46 hufaa.

Viti vya kale vya nchi yetu havina asili moja. Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, kulikuwa na kiti cha enzi cha mpingo, chenye nakshi za mfupa au pembe za ndovu na mgongo uliosukwa kwa kamba, ambacho alikalishwa mgeni mwenye heshima. Kutoka Ulaya vilikuja viti vya mbao zilizopindwa kwa mvuke, ambavyo Michael Thonet wa Vienna alianza kuvitoa kwa wingi mwaka 1859. Kiti kizima kilikuwa na vipande sita tu, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo. Huku bara, reli ilifika Mwanza mwaka 1928, ikarahisisha safari ya bidhaa za pwani. Nao Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na viti vyao vya watemi, vilivyochongwa katika gogo moja. Anayefika katika Makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, ataona jengo zima lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi.

Msomaji anayetaka kununua asianze na bei. Aanze kwa kukigeuza kiti juu chini.

Chini ya kikalio ndipo ukweli ulipo. Rangi na vanishi hupakwa panapoonekana, lakini huku chini mbao hubaki na sura yake. Tazama viungo: fundi mzuri wa zamani aliunganisha mguu na kikalio kwa ulimi unaoingia katika tundu lake, si kwa misumari. Kiungo kilicholegea hakina neno. Huondolewa gundi kuukuu, hutiwa gundi mpya ya mbao, hukazwa kwa kamba inayopotolewa kwa kijiti, kisha huachwa siku nzima. Lakini mguu uliopasuka kwa sababu mtu alipigilia msumari ni kazi kubwa zaidi. Tazama pia nyayo za miguu: kiti kilichoburutwa miaka mingi huwa kimelika, wala hakiliki sawasawa pande zote. Kikiwa kimelika sawasawa kama kilichopigwa msasa jana, uliza maswali zaidi.

Kisha kigonge juu ya kitambaa cheupe. Ukidondoka unga mpya wenye rangi hafifu kutoka katika vitundu vidogo, wadudu wangali hai ndani, na kiti hicho kikiingia sebuleni kwako kitaambukiza samani nyingine. Kitibiwe kwanza kwa dawa ya wadudu wa mbao, kikiwa nje ya nyumba.

Muuzaji Mwislamu asiudhike kiti chake kinapogeuzwa. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake, akakuta unyevu ndani. Alimtaka mwenye chakula akiweke juu kile kilicholowa ili watu wakione, na akamwonya vikali kuhusu udanganyifu. Kasoro ya kiti nayo ielezwe kabla ya mnunuzi kutoa fedha.

Kwa mnunuzi wa Rwamgasa na vijiji vinavyofanana nayo liko jambo jingine, nalo halionekani kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rwamgasa ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki katika uchimbaji mdogo, na wataalamu waliwakuta watu wenye dalili za sumu hiyo, hasa wachomaji. Dhahabu iliyoshikana na zebaki inapochomwa, mvuke huenea, kisha hutua juu ya vitu vilivyo karibu. Mbao iliyopakwa vanishi hufutika. Kitambaa, sponji na mto wa kukalia hunyonya na kuhifadhi. Kwa hiyo uliza kama dhahabu ilichomwa katika nyumba kilikotoka kiti. Ikiwa ilichomwa, usikichukue kiti chenye kikalio cha sponji, hata kikiwa cha bure. Watoto wadogo na mama wajawazito ndio wa kwanza kudhurika.

Tunafika sasa kwenye swali lililo zito kuliko yote: kiti hiki ni cha nani?

Vitu vya kale mara nyingi hutoka katika nyumba zilizofiwa. Baba amefariki, labda shimoni, ndugu wamekusanyika, kijana mmoja anatoa viti uani na kuviuza kwa mpita njia. Viti hivyo ni mali ya marehemu. Sheria ya Kiislamu inataka kwanza gharama za maziko na madeni yalipwe, kisha wasia usiozidi theluthi utekelezwe, ndipo kila mrithi apate fungu lake kama lilivyobainishwa katika Suratun-Nisaa. Mjane ana fungu lake: robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto, thumni ikiwa aliacha. Wapo pia mayatima, na sura hiyohiyo imetoa onyo kali kwa wanaokula mali zao kwa dhuluma. Tena huenda viti vile si vya marehemu kabisa, bali mke alivinunua kwa fedha zake za biashara. Hivyo ni vyake peke yake wala haviingii katika mirathi.

Mnunuzi hawezi kusema hayo hayamhusu. Anayenunua huku akijua kwamba mjane amekaa ndani analia na hakuulizwa, amesaidia dhuluma kwa fedha zake. Aulize kwa adabu: “Mama, pole kwa msiba. Viti hivi vinauzwa kwa ridhaa yenu nyote?” Amuulizie pia msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Jibu likiwa la kusitasita, akiache kiti.

Sheria za nchi nazo zina neno. Kiti chenye pembe za ndovu kisinunuliwe kwa mazoea: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara za Serikali bila kibali, na udogo wa kipande si udhuru. Kiti cha mtemi, au kifaa cha jadi cha zamani, hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kabla ya kukiuza au kukisafirisha, ipewe taarifa Idara ya Mambo ya Kale.

Mwisho, nyumba inakihitaji? Kiti kimoja imara cha mninga ambacho mama atakiswalia kila siku kina manufaa. Viti kumi vya kuonyesha majirani, ilhali ada ya shule haijalipwa, ni israfu hata vikiwa vya bei ndogo.

Ukisharidhika, mfuate muuzaji kwa mashahidi wawili, kama Suratul-Baqara inavyotuelekeza tunapouziana. Andikeni jina la muuzaji, tarehe na bei. Karatasi hiyo ibandikwe chini ya kikalio, na juu yake andika kiti hicho ni cha nani katika nyumba yako. Siku utakapofariki, warithi wako watakigeuza na kusoma.