Habari za Hewa Zilizomo Katika Maji

Leo nataka kuwaeleza habari ambayo wengi wenu mmeinusa kwa pua, walakini labda hamjapata kuuliza sababu yake. Mtu amechimba kisima kirefu, ametoa fedha zake, amejenga mdomo wa kisima kwa saruji, na siku ya kuteka maji ya kwanza majirani wamekusanyika kutazama. Maji yatoka maangavu na baridi. Lakini mtu akiinua kata kunywa, pua yake yakataa: maji yananuka kama yai viza. Mmoja asema kisima kimerogwa; wa pili asema mna mzoga ndani; na mwenye kisima ataka kukifukia. Mimi ningemwambia: Ngoja kwanza. Huenda maji yako yana hewa ambayo haikupata njia ya kutoka. Ipe njia, nawe utaona.

Kwanza yapasa tujue kwamba hewa huyeyuka katika maji kama sukari iyeyukavyo katika chai. Tazameni sufuria ya maji mekoni. Kabla maji hayajachemka, vijipovu vidogo huonekana vimeshika kando ya sufuria. Hivyo si mvuke bado; ni hewa ya kawaida iliyokuwa imefichika ndani ya maji, na sasa moto umeifukuza, kwa maana maji ya moto hayawezi kuchukua hewa nyingi kama maji ya baridi. Samaki huishi kwa hewa hiyo. Maji yaliyochemshwa huwa na ladha dufu kwa sababu hewa yake imetoka. Ukiyamimina mara kadhaa kutoka chombo safi hadi chombo safi, hewa hurudi na ladha hurudi.

Tena, hewa huyeyuka kwa wingi zaidi inaposhindiliwa. William Henry, mtaalamu wa mji wa Manchester katika Uingereza, alieleza kanuni hiyo mwaka 1803. Mfano wake ni chupa ya soda. Kabla haijafunguliwa, soda imetulia kama maji mengine. Ukiondoa kifuniko, mshindilio umekwisha, na hewa yatoka kwa povu. Hali kadhalika maji yaliyo chini sana ardhini: yamefungwa na mawe, hayaonani na anga, na hewa yoyote iliyoingia humo hukaa humo mpaka siku yatakapotekwa.

Hewa hizo si za namna moja. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni hewa ya kiberiti, ambayo wataalamu huiita hidrojeni salfaidi. Hii ndiyo yenye harufu ya yai viza. Mara nyingi hufanywa na vijidudu vinavyoishi mahali pasipo hewa safi, vikigeuza chumvi za kiberiti zilizomo katika maji. Pua ya mtu huitambua hata ikiwa ndogo kabisa: miligramu 0.05 hadi 0.1 katika lita moja ya maji yatosha. Kwa hiyo maji huchukiza zamani kabla hayajaweza kumdhuru mnywaji.

Ya pili ni hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ile ile ya soda. Haina harufu, lakini huyatia maji ukali kidogo, na maji hayo hula mabomba ya chuma na ya shaba. Katika nchi za volkeno hewa hii hutoka ardhini yenyewe. Huko Rungwe, kusini mwa Tanzania, huvunwa na kuuzwa.

Ya tatu ni methani. Haina rangi wala harufu, nayo hushika moto. Maji yenye methani nyingi huweza kutoka meupe kama yaliyotiwa maziwa. Lakini msiogope kila maji meupe. Tekeni bilauri moja na kuitazama. Weupe ukianza kutoweka chini na kupanda juu, hivyo ni vijipovu vinavyopaa, na mara nyingi ni hewa ya kawaida tu. Weupe ukianza kutoweka juu na kushuka chini, huo ni udongo unaotuama.

Basi tuziondoeje? Shauri lote ni moja: maji yapewe uso mpana mbele ya upepo. Hewa hutoka katika maji kwa kupitia usoni pake tu. Maji yaliyo ndani ya debe yana uso mdogo. Hewa iliyo chini yangojea zamu yake, na zamu hiyo huchelewa sana.

Vijana wa shule, chukueni kalamu tufanye hesabu. Debe lililokatwa kifuniko lina mdomo wa mraba, kila upande sentimita 24 hivi. Uso wa maji yake haufiki hata sehemu ya 17 ya mita moja ya mraba. Sasa tuseme lita 20 za maji zimegawanywa kuwa matone, kila tone kipenyo chake milimita 2. Mtapata matone karibu milioni 5, na nyuso zao zote zikijumlishwa ni mita za mraba 60, yaani sakafu ya darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Maji ni yale yale, lakini uso umeongezeka zaidi ya mara elfu. Ndiyo sababu maji ya maporomoko hayakai na harufu.

Nyumbani twaweza kufanya maporomoko yetu wenyewe. Twaeni makarai manne ya bati. Matatu yatoboeni chini kwa msumari, matundu mengi yaliyo karibu karibu. Fanyeni kiunzi cha miti na kuyapanga moja juu ya jingine, nafasi ya sentimita 30, yaani futi moja, katikati yao. Ndani ya yale matatu tieni kokoto zilizooshwa vizuri. La nne, lisilotobolewa, liwe chini kabisa kupokea maji, au badala yake wekeni pipa. Zungusheni wavu wa mbu pande zote ili wadudu na majani yasiingie. Kisha mwagieni maji juu, polepole. Yatashuka kama mvua, na hewa mbaya itatoka njiani. Yakinuka bado, yapitisheni mara ya pili. Kiunzi kikae nje penye upepo, wala si jikoni wala ghalani.

Msishangae mkiona maji yaliyokuwa maangavu yanageuka mekundu. Hayo yalikuwa na chuma kilichoyeyuka. Kilipokutana na hewa safi kikawa kutu. Yaacheni yatuame usiku kucha, kisha yachujeni kwa mchanga safi, na kokoto zioshwe mara kwa mara.

Walakini dawa hii ina mipaka. Katika maji mengine sehemu ya kiberiti imekuwa kama chumvi, nayo haifukuzwi na upepo. Hapo hutumiwa klorini, kwa kipimo cha mtaalamu wa maji. Tena, kisima cha zamani kikianza kunuka ghafula, ulizeni kama choo au taka ziko karibu, na maji yapimwe kabla ya kunywewa. Na zaidi ya yote, kuondoa hewa si kuua vijidudu vya ugonjwa. Maji yasiyonuka yaweza kuleta kuhara na homa ya matumbo. Baada ya kuyapepea, yachemsheni.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niyaseme haya yote. Hewa ikitoka katika maji haikupotea, imehama tu. Imekwenda wapi?

Nilipokuwa mwanafunzi, palikuwa na tangi la chuma lililopokea maji yenye harufu ya kiberiti. Lilikuwa na kifuniko kizito, na watu waliona vema kulifunga barabara ili harufu isiwasumbue. Siku moja maji yalipunguzwa, mtu akaingia kusugua tope. Hakuita, hakupiga kelele, alianguka. Mwenzake aliruka ndani kumwokoa, naye akaanguka. Wa tatu alikuwa tayari ameweka mguu ukingoni, mnyapara akamshika shati na kumvuta nyuma. Walitumia kamba na kulabu. Yule wa pili alipona. Wa kwanza hatukumpata hai.

Hewa ya kiberiti ni nzito kidogo kuliko hewa tunayovuta, na ya ukaa ni nzito mara moja na nusu. Zote hukaa shimoni. Wenzetu wa Goma, penye volkeno, huziita mazuku hewa mbaya zinazotulia mabondeni. Tena hewa ya kiberiti ikizidi, pua hulewa isinuse tena, hata mtu adhani hatari imekwisha. Wazee walikuwa wakishusha taa kisimani kupima. Msiitegemee. Taa yaweza kuendelea kuwaka mbele ya hewa ya kiberiti inayoua, na penye methani yaweza kulipua kisima. Basi, asiingie mtu katika kisima wala tangi kama hapana fundi mwenye vyombo vya kupimia hewa, na kamba mwilini, na watu juu wa kumvuta. Na mwenzako akianguka humo, usimfuate. Ita watu, leta kamba.

Tangi la maji ya namna hii liwe na bomba la kutolea hewa, lielekee nje, mdomo wake umefunikwa kwa wavu.

Mwenye kuona kuwa nimekuza jambo dogo, na akumbuke Ziwa Nyos katika nchi ya Kamerun. Tarehe 21 Agosti 1986, usiku, hewa ya ukaa iliyokuwa imeyeyuka katika vilindi vyake ilitoka kwa mara moja, ikateremka mabondeni, ikaua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Mwaka 2001 wataalamu waliteremsha bomba refu mpaka vilindini. Maji ya chini yakapanda, yakaruka juu ya ziwa kama chemchemi, na hewa ikatoka kidogo kidogo, mahali peupe, isimdhuru mtu. Kanuni yake ni ile ile ya makarai yetu manne. Hewa iliyofungiwa huvizia. Iliyopewa njia hupeperushwa na upepo.

Kwaherini.