Kansere na Feza ya Nyumba

Kansere inakula mwili wa mtu. Tena inakula shamba, mbuzi, na feza ya masomo ya watoto. Inafaa kumtunza mgonjwa pasipo kuangusha nyumba yake.

Hesabu gharama yote

Fikiri juu ya mama wa Beni mwenye kansere ya mlango wa tumbo la uzazi, anayetumwa Kampala kupata mionzi. Matunzo hayo si ya siku moja. Hutolewa siku 5 kila juma, muda wa majuma 5 hivi. Basi hesabu motokari, hati za safari, chumba na chakula. Hesabu tena ndugu anayemlinda, maana siku hizo halimi. Watu wengi huhesabu dawa tu. Feza inakwisha katikati, wanarudi, na ugonjwa ungali.

Mbele ya kuuza shamba, uliza munganga maneno 3:

1. Ugonjwa umebaki mahali pamoja, ao umesambaa katika maini, mapafu ao mifupa?
2. Matunzo haya ni ya kuponya, ao ya kupunguza maumivu?
3. Gharama ni ngapi mpaka mwisho?

Usione haya kuuliza. Kansere nyingine ni kubwa, lakini inaweza kupona bado. Nyingine haiponi, hata ukiuza kila kitu.

Kama haiwezi kupona

Usiseme, "Hakuna dawa tena." Iko dawa ya maumivu, morfini ya maji. Inafanywa kwa unga na maji, na bei yake ni ndogo. Katika Uganda, Hospice Africa Uganda inaitumia tangu mwaka 1993, na wagonjwa huinywa kwao nyumbani. Hunywewa kila saa 4, kwa kipimo cha munganga. Usingoje maumivu yarudi. Inafunga tumbo, basi omba dawa ya kulainisha choo pia.

Mtu akiahidi kuponya kansere iliyosambaa kwa chupa yake, na kutaka feza kwanza, usimpe.

Ninyi wa kanisa, msilete sadaka tu. Limeni shamba la mgonjwa. Leteni kuni. Mmoja akeshe naye, mlinzi wake apate kulala.

Na wewe mama, ukiona damu isiyo ya mwezi, njoo upesi. Munganga hupaka siki kidogo kwenye mlango wa tumbo la uzazi, na alama za mwanzo huonekana kwa dakika chache. Kutunza alama hizo ni kazi ndogo. Shamba lako litabaki kwa watoto.