Mbwa wa Mitaani: Kisiwa cha Sivriada

Mwishoni mwa Julai 2024 Bunge la Uturuki lilipitisha sheria inayozitaka manispaa zikusanye mbwa wa mitaani na kuwaweka vituoni mpaka wapate wa kuwachukua. Wagonjwa na wakali wanaweza kuuawa, na meya atakayezembea anaweza kufungwa jela.

Anayeijua historia ya Istanbul atakumbuka mara moja mwaka 1910.

Kabla ya hapo mbwa wa mji ule hawakuwa na mwenyewe, ila walikuwa na mtaa. Kila mtaa ulikuwa na kundi lake, na mbwa wa jirani akivuka mpaka alirudishwa kwa meno. Walikula taka, wakambwekea mgeni aingiapo usiku. Walikuwepo wachuuzi waliopita na maini na mapafu, na mcha Mungu akanunua kipande awatupie mbwa kwa kutafuta thawabu. Watu wale walilelewa, kama wengi wetu pwani, kwa kisa cha aliyeteka maji kwa kiatu akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mark Twain, Mmarekani aliyefika huko 1867, aliwakuta wamelala katikati ya njia, wamekonda, wala hawajisumbui kumpisha mtu.

Kisha wakashika madaraka wanasiasa walioitwa Vijana wa Kituruki, waliotamani mji wao ufanane na miji ya Ulaya. Mbwa walibanwa kwa makoleo ya chuma, wakatiwa vizimbani, wakapakiwa vyomboni na kumwagwa Sivriada, mwamba mkavu katika Bahari ya Marmara. Makumi ya maelfu! Wengine walizama wakijaribu kuogelea, wengine walilana. Upepo ukielekea mjini, vilio vyao vilisikika. Tetemeko la ardhi lilipopiga 1912, wapo walioamini kuwa ni malipo, nami siwacheki.

Sheria ya sasa nayo inahamisha mbwa. Inakadiriwa kuwa Uturuki ina mbwa wa mitaani milioni 4. Wakati wa mjadala vituo vyake vilikuwa na nafasi 105,000. Manispaa zilipewa hadi 2028 kujenga vingine. Mbwa wengine watakaa wapi? Wanaolalamika wana haki yao, maana watoto wameumwa, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna dawa. Lakini sheria ya 2004 iliagiza mbwa ahasiwe, achanjwe, arudishwe mtaani kwake, na manispaa nyingi hazikuitekeleza ipasavyo. Aliyeacha dozi katikati hana haki ya kuilaumu dawa. Tena ukiondoa mbwa waliochanjwa na jalala likabaki, watakuja wengine wasiochanjwa.

Vituo navitetea tangu zamani. Mbwa aliyemwagiwa maji ya moto, au aliyefungwa waya shingoni mpaka ukazama nyamani, hana pengine pa kwenda. Ila kituo kikifanywa ghala, chakula huisha, ugonjwa wa parvo huingia, na watoto wa mbwa hufa kwanza. Ukiwa na chochote cha kutoa, kipeleke kwa wanaohasi na kuchanja, na kabla ya kuuliza mbwa wangapi wamepokelewa mwaka huu, uliza wangapi wamepata nyumba.